Baba, Pombe Uliyoiacha na Mikate Uliyotuachia

Buzebazeba, Kigoma
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini mkono wangu umekataa kuandika neno lolote kabla ya hilo. Ndivyo ulivyotulea.

Byamungu amerudi kwao. Ameondoka juzi kwa meli inayowarudisha wakimbizi ng'ambo ya ziwa, na ameondoka akicheka, Baba! Nilidhani tungelia pale gatini mpaka tuonewe huruma, kumbe tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama alikuwa amemfungia mikate kwenye kitenge chake kipya, kile cha maua ya manjano ambacho mimi mwenyewe nimekatazwa kukigusa. Meli ilipoanza kujitenga na gati, Byamungu akajipenyeza kati ya watu, akashika chuma cha pembeni, akapaza sauti yake ile nyembamba: "Mama Adela! Chumvi! Usisahauke kutia chumvi!"

Watu wote waliokuja kuwaaga ndugu zao wakageuka kumtazama Mama. Mama, ambaye tangu ufe hajapaza sauti mbele za watu, akaweka mikono mdomoni akamjibu: "Nenda zako, mzee! Mara moja tu nimesahau, utanisimanga hadi Uvira!"

Nilitamani ungekuwepo. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Nilirudi nyumbani nina habari kubwa kifuani na mtu wa kumpa sikumwona, kwa sababu mtu huyo ni wewe.

Basi wacha nikusimulie yote, tangu mwanzo. Ulipenda sana kusimuliwa habari zako mwenyewe, hata zile ulizozijua. Na kusema kweli, Baba, kuna sehemu hukuziona vizuri. Ulikuwa umelewa.

Naanza na baiskeli.

Siku ulipoagwa kazini walikupa baiskeli mpya, nyeusi, yenye kengele. Walisema maneno mengi matamu kuhusu dereva wa treni aliyepeleka mizigo Tabora na kurudi kwa miaka yote hiyo bila kumgonga hata mbuzi. Ukapiga picha umeishika usukani. Halafu ukaisukuma kwa miguu kutoka stesheni mpaka hapa nyumbani, umevaa suti, jua kali, kwa sababu hakuna aliyejua, hata sisi, kwamba wewe uliyeendesha treni hukuwahi kujifunza kuendesha baiskeli. Mama alipokuuliza mbona unatembea, ulisema, "Bado mpya, sitaki kuichosha." Ikaegeshwa sebuleni karibu na kabati la vyombo. Wageni wakija tunapita kando yake kama tunavyompita mtu aliyelala.

Mwezi ule wa kwanza ulikuwa ukiamka kabla ya alfajiri kama zamani, unaoga, unavaa, unakwenda stesheni. Unasimama pale unatazama wenzako wakipanda injini. Unawaambia hili, unawaelekeza lile. Mpaka siku mkuu wa stesheni alipokuweka mkono begani akakuambia, kwa heshima zote, "Mzee Dereva, nenda ukapumzike sasa." Ulirudi nyumbani ukakaa kwenye kiti hadi jioni. Mama alikuwa anafurahi umepumzika. Hakujua kwamba neno hilo ndilo lililokuvunja.

Jioni hiyo ulikwenda kilabuni kwa Bibi Sesilia.

Simlaumu Bibi Sesilia. Alikuwa mjane mwenye watoto wa kulisha, na pombe yake ya ndizi ilikuwa safi, kila mtu alisema hivyo. Pale uliwakuta wenzako wote waliopumzishwa kabla yako. Alikuwepo Mzee Gwimo, aliyekuwa mtu wa winchi bandarini, ambaye alikukaribisha kwa kusogea kwenye benchi bila kusema neno, kama vile nafasi hiyo ilikuwa yako siku zote. Mlikaa mkazungumza habari za kazi. Ndiyo raha iliyokuwa pale, Baba, sasa naielewa. Pale kilabuni wewe ulikuwa bado dereva na yeye bado mtu wa winchi.

Kwanza ilikuwa jioni tu. Kisha ikawa baada ya chakula cha mchana. Kisha ikawa asubuhi, kidogo tu, ya kuzimua. Pombe ya ndizi ikaonekana nyepesi, mkahamia gongo. Kiinua mgongo kilipungua, lakini si hicho kilichomuuma Mama. Kilichomuuma ni kwamba uliacha kula. Alikuwa anapika samaki, migebuka kwa mawese, chakula chako, anakifunika, anakaa karibu nacho, kinapoa. Nami nilikuwa nakuja kutoka kwangu, mtaa wa Mwanga, nikifunga tu kijiduka changu cha ushonaji, kuuliza, "Amekula?" Mama anatikisa kichwa.

Nilikufuata kilabuni mara nyingi. Hukuwahi kunitukana, hilo nalisema wazi. Ulikuwa mlevi mpole. Ulikuwa unaniegemea njia nzima unapiga honi ya treni kwa mdomo kila tukifika kwenye kona, na watoto wa jirani wanatupisha. Watu walicheka. Mimi nilicheka nao ili nisionekane nalia. Siku moja tulipofika mlangoni ulinitazama vizuri sana, ukaniuliza, "Wewe ni nani, mama?" Nilikuvua viatu.

Ndivyo tulivyokuwa wakati vita vilipowaka ng'ambo na maboti yakaanza kuja.

Unakumbuka ufukwe ulivyokuwa. Pale Katonga palipokuwa panaanikwa dagaa pakawa panaanikwa nguo za watoto. Watu walishuka na magodoro, na kuku, na mwingine na mlango wa nyumba yake, sijui kwa nini mlango. Parokiani padri akatuomba wenye nafasi tuwapokee wazee na wagonjwa mpaka mipango ya kambi ikamilike. Mama akanyoosha mkono. Hakukuuliza. Uliporudi jioni ukakuta taa inawaka kwenye chumba cha uani na mzee mfupi mwenye kofia ya sufi amekaa mlangoni, ukasimama katikati ya uwanja ukatangaza: "Kumbe nyumba yangu imekuwa stesheni!"

Yule mzee akasimama, akavua kofia. "Papa, samahani. Ni mama ndiye alituingiza. Miye naitwa Byamungu."

"Mmekuja wangapi?"

"Miye peke yangu, Papa. Nilizoeaka kusema sisi."

Uliingia ndani ukalala. Nadhani hata ukiwa vile ulilisikia neno hilo, kwa sababu tangu siku hiyo hukusema tena habari ya stesheni.

Sasa nakuja kwenye asubuhi ile. Mimi sikuwepo, lakini Byamungu amenisimulia zaidi ya mara moja, na kila akisimulia anaigiza na sauti yako. Anasema ulitoka nje alfajiri ukitetemeka, mikono imekataa kufunga vifungo vya shati. Ulikuwa unangoja kupambazuke ili Bibi Sesilia afungue. Uani ukamkuta Byamungu amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anatazama giza. Mkasalimiana. Kisha yeye akakuuliza, "Papa, weye unaamkaka saa hizi kungoja treni gani?"

Ungeweza kukasirika. Badala yake ulimuuliza, "Na wewe je?"

"Miye ni mtu wa mikate," akasema. "Huko Uvira nilikuwa na tanuri. Saa hii nilikuwa nakanda. Mikate haiko tena, lakini mwili haujapata habari."

Anasema ulicheka. Kicheko kilichoanzia tumboni, mpaka Mama akatoka ndani na khanga moja akidhani kuna mwizi. Akawakuta wazee wawili wamekaa gizani, mmoja anatetemeka, mmoja hana kitu duniani, wanacheka kama wavulana. Mama ananiambia alirudi kitandani akajifunika uso akamshukuru Mungu, ingawa hakujua bado anashukuru nini.

Tanuri lilikuwa wazo lako. Byamungu anasema la kwake, lakini mimi nakuamini wewe. Kabla ya kuwa dereva ulianza ujana wako ukichochea moto kwenye injini za mvuke, na uliposikia neno tanuri kitu fulani kiliamka usoni mwako. Mlichimba udongo wa kichuguu nyuma ya nyumba. Mkafyatua matofali. Mkabishana. Ee Baba, mlivyobishana! Yeye anataka mlango utazame ziwa, wewe unasema upepo wa ziwa utavuruga moto, utazame nyumba. Yeye anasema, "Papa, hii si treni." Wewe unasema, "Moto ni moto." Lilipokamilika lilikuwa limeinama upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu, na linatazama nyumba.

Mikate ya kwanza ilitoka myeusi. Byamungu aliugonga mmoja ukutani, ukuta ukachubuka. Mama, ambaye alikuwa hajacheka ndani ya nyumba ile tangu sijui lini, alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, akicheka na kujifuta machozi. Wewe ulikuwa umesimama na mkate wako wa mkaa mkononi unamtazama. Niliona jinsi ulivyomtazama. Ilikuwa kama mtu aliyeona taa ya nyumbani kwake kwa mbali.

Ya pili ilitoka mibichi. Ya tatu ukashauri tuweke sufuria la maji ndani ili mvuke ulainishe, na Byamungu akakubali kwa shingo upande, na ganda likatoka la kahawia linalopasuka ukilibonyeza. Harufu ilifika kwa majirani. Mtu akachungulia juu ya ua akauliza, "Mnauza?"

Ningependa kukuambia kwamba hapo ndipo ulipoacha pombe. Hapana. Ulikuwa unachochea moto alfajiri, mikate ikitoka unakwenda kwa Bibi Sesilia, unarudi umelewa, unalala, unaamka unachochea. Tulijidanganya kwamba ni maendeleo. Na pengine yalikuwa.

Sehemu inayofuata hukuiona, Baba, kwa hiyo nisikilize.

Ilikuwa kiangazi, siku kabla ya sikukuu, na mlikuwa mmepata oda ya mikate mingi, ya parokia na ya watu wa Ujiji pia. Mliwasha mapema kuliko kawaida. Byamungu alikwenda kuchota maji, akakuambia, "Papa, chunga moto." Ukasema ndiyo. Kisha Mzee Gwimo akapita akakuita ukapate kidogo tu, na ukaenda. Cheche ziliruka zikashika makuti ya mchikichi yaliyoezekea jiko la Mama. Byamungu aliporudi jiko lilikuwa linawaka, na unga wote ulikuwa ndani, magunia yake, yale aliyoyapata kwa shida. Aliingia. Alitoa gunia moja, akaingia tena. Alipotoka mara ya pili mikono yake yote miwili ilikuwa imeungua mpaka kwenye viwiko.

Majirani walizima moto kwa ndoo na mchanga. Nyumba ilipona. Wewe ulikuja wakati moshi bado unapanda, ukiyumba, ukiwa na wimbo mdomoni. Ulisimama kwenye lango. Ukaliona jiko. Ukaona Mama anamwagia Byamungu maji mikononi. Wimbo ukakatika.

Byamungu ndiye aliyesema kwanza. "Papa, haiko neno. Tanuri limebaki."

Afadhali angekupiga.

Hukusema samahani. Hukupiga magoti, hukuapa kama ulivyokuwa ukiapa. Ulikaa pale kwenye lango mpaka pombe ikakutoka kichwani, jua likakuchoma, hukuhama. Jioni ulimwita Mama. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Ulisema, "Mama Adela, nipeleke hospitali. Peke yangu sitaweza."

Nimefikiri sana juu ya sentensi hiyo. Tulikuwa tumekuombea kwa padri, tumekuitia wazee wa ukoo, tumekutishia, tumekubembeleza. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kulikuwa na mahali pa kukupeleka. Sisi tulidhani ulevi ni tabia. Daktari, yule dada mdogo mwenye miwani, alituambia ni ugonjwa, na kwamba mtu aliyekunywa kwa namna ile akiacha ghafla nyumbani peke yake anaweza kupata degedege hata akafa. Akakulaza. Akamwambia Mama, "Mama, safari hii msimuache peke yake."

Hatukukuacha. Siku zile ulitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Uliona vitu. Uliona treni inapita katikati ya wodi ukawa unawapigia kelele wagonjwa waondoke kwenye reli, na mgonjwa wa kitanda cha pili, Mungu ambariki, akavuta miguu yake juu akasema, "Tayari Mzee, pita." Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja. Na upande wako mwingine, kwenye stuli, alikuwa amekaa Byamungu, mikono yake imefungwa bendeji kama makasia mawili, akikuimbia nyimbo za kwao za kukandia unga. Nilimwambia aende akapumzike. Alisema, "Dada Adela, miye nimeacha watu wangu wengi njiani. Huyu sitamuacha."

Ulipopata akili yako sawasawa, jambo la kwanza uliloona ni bendeji zile. Ulimuuliza, "Utaweza kukanda tena?"

Akasema, "Weye utakanda. Miye nitakuambia vile utafanya."

Na ndivyo ilivyokuwa. Ulitoka hospitali umekonda, suruali imefungwa kwa kamba, ukaanza kukanda unga kwa mikono yako mikubwa ya dereva huku mkimbizi mwenye mikono ya bendeji amesimama nyuma yako anakugombeza. "Pole-pole, Papa! Unga si breki!" Jirani zetu walikuwa wanakuja kutazama tu. Tulikuwa kama sinema.

Kuna siku moja ulirudia. Ilikuwa msiba wa mwenzenu mmoja wa reli, na uliporudi harufu ilikutangulia. Lakini alfajiri uliamka ukaja tanurini, ukasema mbele yetu wote, "Jana nilikunywa. Leo nataka kurudi kwa yule daktari aniangalie." Ukaenda kwa miguu yako. Ukarudi. Ukaendelea. Hakuna aliyekutungia wimbo kwa hilo, lakini mimi naona siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Na siku ya baiskeli! Hii nitakusimulia hata kama tutakutana mbinguni. Mikate ilishakuwa mingi mno kubebwa kichwani, ukatamka mwenyewe, kwa aibu, "Basi nifundisheni." Byamungu akashika kiti nyuma, mimi nikashika usukani, tukakupeleka kwenye barabara ya kwenda Ujiji pale palipo sawa. Mzee mzima mwenye mvi! Ulianguka kwenye mihogo ya watu. Ulianguka kwenye mfereji. Wanawake waliokuwa wanatoka sokoni waliweka vikapu chini wakakaa kutazama. Halafu ghafla tukakuachia, wewe hujui tumekuachia, ukaenda. Ukaenda, Baba, shati limejaa upepo, na ulipofika kwenye kona ukapiga honi ya treni kwa mdomo, ile ile uliyokuwa ukiipiga ulipokuwa umelewa, na safari hii ulikuwa huna hata tone. Watoto wakakukimbilia wakiimba, "Dereva! Dereva!" Sikujua kwamba sauti moja inaweza kuniumiza miaka na kisha kunifurahisha hivyo.

Mkate wa kwanza uliobebwa na baiskeli hiyo uliupeleka kwa Bibi Sesilia. Alikuona ukifika, akachukua kikombe kwa mazoea. Ukamwambia, "Hapana, mama. Leo ni mimi niliyekuletea wewe." Akauonja amesimama. Siku iliyofuata akaagiza ya kuuza. Ndipo kilabu kile kikaanza kuuza chai na mkate asubuhi, na wazee wengine, wale waliokuwa wanakuja kuzimua, wakawa wanakuta chai imetangulia. Wengine walikunywa chai kisha wakaagiza gongo hivyo hivyo. Wengine walikunywa chai wakaenda nyumbani.

Baadaye serikali ikasema wakimbizi wote waende kambini, Byamungu akapandishwa lori kwenda huko Kasulu. Ulikwenda kumtembelea kila ulipoweza na kipande cha hamira mfukoni kama mtu anayempelekea mwenzake ugoro. Alijenga tanuri huko nalo. Alisema linatazama anakotaka yeye.

Tulipata miaka mizuri, Baba. Ulikula migebuka yako ingali moto. Ulinijua jina. Moyo wako ulipochoka, ulichoka ukiwa nyumbani, mchana, Mama amekushika mkono, na ulikuwa umenyoa ndevu. Byamungu alifika mazikoni kwa ruhusa, amesimama juu ya lori la mchanga njia nzima, mweupe kwa vumbi kama aliyetoka kukanda.

Hayo, mengi unayajua. Sasa usiyoyajua.

Mama ameongeza tanuri la pili. Limenyooka, na analionea fahari kidogo, usikasirike. Bibi Sesilia amezeeka, binti yake ndiye anayeendesha pale, amefunga kabisa upande wa gongo akaacha mgahawa. Mimi nimehamia hapa uani na cherehani yangu, asubuhi nakanda, mchana nashona, na sindano zangu zina unga.

Na Mzee Gwimo, Baba.

Ulipokufa alilia kuliko sisi, kisha akanywa kuliko zamani. Alikuwa akipita hapa langoni haangalii ndani. Mke wake alikuja mara moja akakaa na Mama, hakusema alilolijia, lakini Mama alimwelewa, akamwambia tu habari za yule daktari na wodi ile, basi.

Jumatatu iliyopita nilikuwa nachochea moto, bado giza, nikasikia mtu anakohoa langoni. Alikuwa yeye. Amevaa koti lake la bandarini lililochanika, mikono ameificha kwapani, lakini mwili mzima ulikuwa unatetemeka.

"Shikamoo Mzee Gwimo," nikasema.

"Marahaba, binti." Kisha akasema, "Ule moto wa jiko. Mimi ndiye niliyemwita baba yako siku ile."

Nikasema, "Najua, Mzee. Alituambia. Na alituambia alikwenda kwa miguu yake mwenyewe."

Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, mtu yule mkubwa aliyekuwa akiinua makontena: "Huyo daktari yupo bado?"

Mama alikuwa ameshatoka ndani, amejifunga khanga yake vizuri. Nilidhani atamhoji. Alimpa kipande cha mkate wa moto akimshikilia kikombe cha chai kwa sababu mikono yake isingeweza. Alikunywa chote. Kulipopambazuka tukamvalisha kandambili miguuni, tukaenda naye hospitali, Mama kulia, mimi kushoto, na mke wake mbele kama anayetufungulia njia. Tulipofika kwenye kona, nilishindwa kujizuia, nikapiga honi ya treni kwa mdomo. Mama akanifinya. Mzee Gwimo akacheka. Akacheka huku anatetemeka, watu wakatushangaa.

Amelazwa. Jana alikunywa uji akauliza nani anachunga baiskeli yako. Daktari anasema ni mapema kusema lolote, na mimi nimekubali kwamba ni mapema. Anaweza kurudia. Hata wewe ulirudia.

Data, nakuita hivyo kama nilivyokuita nikiwa mdogo kabla shule haijanifundisha kusema Baba, wacha nikuage sasa. Nimeandika mpaka chai imepoa, Mama ananiita nikapepete unga, na kesho ni zamu yangu ya kwenda wodini.

Lala kwa amani. Nakuahidi jambo moja tu, lile ninaloliweza: mzee yeyote atakayefika kwenye lango hili alfajiri na mikono isiyotulia, awe wa reli au wa bandari, wa hapa au wa ng'ambo, awe anakuja mara ya kwanza au ya kumi, atakuta moto umewaka, na sitamuuliza jana alikuwa wapi. Nitamshikia kikombe.

Binti yako anayekupenda,
Adela